Jinsi ya kupiga opereta za spini kwenye chembe zaidi ya moja bila kuvuna sapu

Juzi jioni nipo geto huku Ng'ong'ona, umeme umekatika, vumbi limeingia mpaka kwenye kopo la sukari, mara dogo mmoja wa mwaka wa pili akanigongea na karatasi ya test mkononi. "Kaka shikamoo, hebu niangalizie hapa nimekosa nini, mbona nimefuata desa vilevile?" Nikawasha tochi ya simu. Swali lenyewe dogo tu, chembe mbili zote spini juu, tafuta Sz ya jumla (spini ni kama mzunguko wa asili wa chembe, elektroni kwa mfano; Sz ni opereta, yaani agizo la hesabu unalolipiga kwenye hali ya chembe, na hili linatoa spini kwenye mhimili wa z; ħ ni namba ya Planck ukigawa kwa 2π). Yeye kaandika:

Sz|↑↑⟩ = (ħ/2)(ħ/2)|↑↑⟩ = (ħ²/4)|↑↑⟩

Nikacheka, sio kwa kumdharau, ni vile mimi mwenyewe nilifanya kosa hilohilo mwaka wangu, herufi kwa herufi, nikala sapu, mtihani wa marudio, na likizo nikaisomea hapahapa Dodoma wenzangu wakiwa makwao. Kwa hiyo haya nayoandika hapa ndo yale niliyomwambia dogo usiku ule, nimeongezea na mengine ambayo chaji ya simu haikuturuhusu kuyafikia.

Kwanza kabisa, kosa lile unaweza kulinusa hata kama fizikia hujui. Sz inapimwa kwa ħ. Yeye jibu lake lina ħ². Yaani umeulizwa kitambaa mita ngapi wewe unajibu mita za mraba. Ukiona ħ imezidi kipeo kwenye jibu lako acha kuendelea, rudi juu, kuna mahali umezidisha badala ya kujumlisha.

Sasa twende taratibu. Ile alama |↑↓⟩ inaitwa keti, na Kiswahili kimetupa zawadi ya bure hapo, maana kila chembe imeketi kwenye siti yake. Siti ya kushoto ni ya chembe namba 1, ya kulia ni ya namba 2, na hazihami mpaka opereta yenyewe iseme zihame. |↑↓⟩ na |↓↑⟩ ni hali mbili tofauti kabisa, usije ukaziandika kama kitu kimoja kwa vile "zote zina moja juu moja chini".

Opereta nayo ina namba ya siti. S1z maana yake Sz inamgusa aliyekaa siti ya kwanza, wa pili hata hageuzi shingo. Kwenye vitabu utaikuta imeandikwa Sz⊗I, ile duara yenye msalaba ni zidisho la tensa na I ni opereta isiyofanya kitu. Watu wanaiogopa hiyo alama bure. Isome hivi tu: "upande wa kushoto fanya Sz, upande wa kulia tulia". S2z ni I⊗Sz, kushoto tulia, kulia fanya.

Halafu opereta ya jumla ni hii:

Sz = S1z + S2z

Kujumlisha. Fikiria konda wa daladala za Sabasaba. Anapita siti kwa siti, mtu mzima anatoa nauli yake, mwanafunzi anatoa yake, mwisho anajumlisha mkononi. Hujawahi kumkuta konda anazidisha nauli ya huyu kwa nauli ya yule, angezidisha abiria wangeshukia dirishani. Basi Sz ya jumla ndo konda huyo. Anafika siti ya kwanza anakuta ↑ anachukua ħ/2, anafika ya pili anakuta ↑ anachukua ħ/2, jumla ħ. Kwa hiyo

Sz|↑↑⟩ = (ħ/2 + ħ/2)|↑↑⟩ = ħ|↑↑⟩

na kwa |↑↓⟩ ni ħ/2 ukitoa ħ/2, sifuri. Na hapa usichanganye, jibu kuwa sifuri haimaanishi chembe zimepotea. Zipo, zimekaa, hesabu yao tu ndo imefutana. Tukipata namba tupu mbele ya hali ileile tunasema hiyo ni hali aigeni na namba yake ni thamani aigeni. Kwa hiyo |↑↓⟩ ni hali aigeni ya Sz, thamani yake 0. Sifuri nayo ni thamani halali kama zingine.

Kabla hujaenda mbele kuna vitu vya chembe moja ambavyo inabidi viwe kichwani kama namba yako ya simu, maana mambo yote ya chembe nyingi mwisho wa siku yanarudi hapa:

Sz|↑⟩ = (ħ/2)|↑⟩ na Sz|↓⟩ = −(ħ/2)|↓⟩
Sx|↑⟩ = (ħ/2)|↓⟩ na Sx|↓⟩ = (ħ/2)|↑⟩
Sy|↑⟩ = (iħ/2)|↓⟩ na Sy|↓⟩ = −(iħ/2)|↑⟩
S+|↓⟩ = ħ|↑⟩ na S+|↑⟩ = 0
S−|↑⟩ = ħ|↓⟩ na S−|↓⟩ = 0

Mistari mitatu ya juu imetoka kwenye matriksi za mwanafizikia Pauli, jamaa alizitoa mwaka 1927, miaka miwili baada ya wanafizikia Uhlenbeck na Goudsmit kupendekeza kwamba elektroni ina spini. Miwili ya chini ni opereta za ngazi, S+ = Sx + iSy na S− = Sx − iSy. Angalia kitu kimoja, Sx inatoa ħ/2 lakini S+ inatoa ħ nzima. Hiyo nusu inawaua watu wengi sana kwenye mtihani.

Opereta za ngazi mimi naziita pandisha na shusha, na kwa chembe moja ziko wazi. Kwa mbili ndo utamu unaanza. Tushushe |↑↑⟩. Opereta ya jumla ni S− = S1− + S2−, na kanuni yangu hapa haina mjadala: andika jumla yote kwanza, fungua mabano, ndo uguse keti. Dogo alitaka kushusha zote mbili kwa mpigo akapata |↓↓⟩. Hapana. Konda anasema "shusha" mara mbili, na kila mara ni safari mpya inayoanza na |↑↑⟩ ileile:

S−|↑↑⟩ = S1−|↑↑⟩ + S2−|↑↑⟩ = ħ|↓↑⟩ + ħ|↑↓⟩

Kwenye kipande cha kwanza aliyegeuka ni wa siti ya kwanza, wa pili yuko vilevile. Kwenye kipande cha pili kinyume chake. Tumetoka na mchanganyiko wa keti mbili, na ni sawa kabisa, ndivyo inavyotakiwa (mfano wa daladala unaishia hapa jamani, abiria hawezi kuwa kageuka na hajageuka, chembe inaweza). Urefu wa huo mchanganyiko ni ħ√2, kwa hiyo ukitaka kuinomalaizi, yaani urefu uwe 1, gawanya kwa ħ√2 (jina lake tunaliandika |s,m⟩, s ni spini ya jumla na m ni thamani ya Sz ukiitoa ħ):

|1,0⟩ = (1/√2)(|↑↓⟩ + |↓↑⟩)

Jikague na fomula ya vitabuni, S− kwenye |s,m⟩ inatoa ħ√(s(s+1) − m(m−1)). Weka s = 1 na m = 1, unapata ħ√2. Imekubali. Shusha tena, keti zote mbili zinaishia |↓↓⟩, moja na moja mbili, unapata 2ħ|↓↓⟩ kabla ya kugawa kwa ile √2. Shusha mara ya tatu, sifuri, hapa ni sifuri ya kweli, hakuna hali iliyobaki, tumefika chini ya ngazi. Hizo hali tatu, |↑↑⟩, |1,0⟩ na |↓↓⟩, ndo wanaziita tripleti. Ile ya nne iliyobaki, yenye alama ya kutoa, (1/√2)(|↑↓⟩ − |↓↑⟩), ni singleti, na tafadhali sio singlendi ya kuvaa ndani ya shati, kuna mtu aliandika hivyo kwenye karatasi nikiwa nasahihisha na wenzangu tukashindwa kuendelea kwa kicheko.

Tukaja S², yaani spini ya jumla kipeo cha pili, ambayo thamani zake aigeni ni ħ²s(s+1). Hapa ndo makaburi ya wengi.

Mtu anajua S = S1 + S2, halafu akifika kwenye kipeo cha pili anaandika S² = S1² + S2² na anaendelea na maisha. We form two ulifundishwa (a + b)² ina 2ab katikati, leo umefika chuo umeisahau? Iko hivi:

S² = S1² + S2² + 2 S1·S2

na hiyo S1·S2 ina vipande vitatu, S1xS2x + S1yS2y + S1zS2z. Unaweza kuipiga hivyohivyo ila ni mateso, i zinakimbia huku na huku. Mfano mmoja tu uone: S1yS2y kwenye |↑↑⟩ ni (i/2)(i/2)ħ²|↓↓⟩, yaani −(ħ²/4)|↓↓⟩, kwa sababu i mara i ni −1. S1xS2x kwenye |↑↑⟩ ni +(ħ²/4)|↓↓⟩. Zinafutana, na ndo maana |↑↑⟩ inabaki salama. Ukisahau ile −1 unabaki na |↓↓⟩ isiyokuwa na kwao na unaanza kulaumu kitabu.

Na umeona kitu hapo? Safari hii tumezidisha, na ni sahihi. S1zS2z ni zidisho, kwa hiyo kwenye |↑↓⟩ inatoa (ħ/2)(−ħ/2) = −ħ²/4. Jumla ya opereta unajumlisha, zidisho la opereta unazidisha, soma alama iliyoandikwa. Dogo alinitolea macho: "Sasa kaka si ulisema tusizidishe?" Nilisema usizidishe pale palipoandikwa jumlisha, mdogo wangu.

Njia ya kutumia pandisha na shusha ni nyepesi zaidi:

S1·S2 = S1zS2z + ½(S1+S2− + S1−S2+)

Sasa tuipige S² kwenye |↑↓⟩ pole pole, mstari kwa mstari, mimi huwa nachora na mshale mdogo kuonyesha nani kaguswa. S1² inatoa ¾ħ² bila kujali mshale uko wapi, S2² vilevile ¾ħ², hapo tuna 3/2. Mara mbili ya S1zS2z inatoa −½ħ². Jumla mpaka sasa ħ²|↑↓⟩. Ile 2 ya mbele na ½ zinauana, zinabaki S1+S2− na S1−S2+. Ya kwanza inataka kupandisha wa siti ya kwanza ambaye tayari yuko juu, haiwezekani, sifuri. Ya pili inamshusha wa kwanza na kumpandisha wa pili, inawezekana, tunapata ħ²|↓↑⟩. Kwa hiyo

S²|↑↓⟩ = ħ²(|↑↓⟩ + |↓↑⟩)

Tuliingia na keti moja tukatoka na mbili, maana yake |↑↓⟩ sio hali aigeni ya S², japo kwa Sz ilikuwa. Kwa |↓↑⟩ jibu ni hilohilo. Zijumlishe, unapata 2ħ² mara hali yenyewe, na 2 ni s(s+1) ukiweka s = 1. Zitoe, unapata 0, yaani s = 0. Tripleti na singleti zimejitokeza zenyewe bila kukariri jedwali lolote, na hii kwangu ndo sehemu tamu kuliko zote kwenye kozi nzima.

Sasa nikupe njia ya mkato ambayo mimi niliijua nimechelewa, baada ya sapu tayari. Kwa spini nusu mbili,

S² = ħ²(1 + P)

ambapo P ni opereta ya kubadilishana siti tu, wa kushoto aende kulia na wa kulia aje kushoto. Basi. Jaribu: S²|↑↓⟩, iache kama ilivyo ujumlishe na iliyobadilishana, umemaliza. Mistari yote ile niliyoandika juu inakuwa mstari mmoja. Singleti ukiibadilisha siti inageuka alama, P = −1, 1 − 1 = 0. Tripleti haibadiliki, P = 1, unapata 2. Ila inafanya kazi kwa spini nusu tu, usiibebe ukaenda nayo kwenye spini 1 halafu ukasema nimekudanganya.

Na uzuri wake unaonekana zaidi zikiwa chembe tatu. Kwa tatu inakuwa

S² = ħ²(¾ + P12 + P13 + P23)

Ichukue |↑↑↑⟩, kila P haina cha kubadilisha, ¾ + 3 = 15/4, ambayo ni s(s+1) kwa s = 3/2. Sawasawa. Chukua |↑↑↓⟩: P12 inabadilishana wawili wanaofanana, hakuna tofauti, kwa hiyo ¾ + 1 = 7/4 mbele ya |↑↑↓⟩. P13 inatoa |↓↑↑⟩, P23 inatoa |↑↓↑⟩. Jibu:

S²|↑↑↓⟩ = ħ²(7/4|↑↑↓⟩ + |↓↑↑⟩ + |↑↓↑⟩)

Kwa njia ndefu hii ni nusu ukurasa na unga wa chaki. Kumbuka chembe tatu zina keti 8, yaani 2 mara 2 mara 2, na ukizipanga kwa S² unapata kundi moja la hali nne lenye s = 3/2 na makundi mawili ya hali mbili mbili yenye s = ½. Nne na mbili na mbili, nane. Hesabu hii ifanye kila mara, ukikosa nane kuna hali umeipoteza njiani. Chembe 10 zina keti 1024, hapo sasa achana na kalamu, fungua kompyuta, ila uwe na mpangilio mmoja wa siti toka mwanzo mpaka mwisho kwa sababu Sx⊗I na I⊗Sx ni matriksi mbili tofauti na programu haitakuonya ukizigeuza.

Kuna jambo moja yule dogo aliniuliza tukiwa tunatoka nje kutafuta chipsi mayai, na ni swali zuri kuliko yote. "Kaka, nikiipiga S1z peke yake kwenye singleti si nakuwa nimepima chembe ya kwanza?" Hapana. Tuifanye:

S1z (1/√2)(|↑↓⟩ − |↓↑⟩) = (ħ/2)(1/√2)(|↑↓⟩ + |↓↑⟩)

Kwenye kipande cha pili S1z imekuta ↓, imetoa −ħ/2, na minasi mara minasi ikawa jumlisha. Tuliingia na singleti tukatoka na ile |1,0⟩ ya tripleti! Lakini kwenye maabara ukipima spini ya chembe moja ya singleti haitoki |1,0⟩ hata siku moja, inatoka |↑↓⟩ au |↓↑⟩, nusu kwa nusu. Kupiga opereta ni hesabu ya karatasi, kupima ni tukio lingine. Kilichotokea hapa kinakuambia tu kwamba singleti sio hali aigeni ya S1z, yaani chembe ya kwanza peke yake haina jibu la uhakika, wakati Sz ya jumla inalo, sifuri. Alisimama hapo kwenye muuza chipsi na kijiko cha kachumbari mkononi mpaka muuzaji akamwambia dada nyuma yako anasubiri.

Kama unajiuliza haya yote ya nini, angalia haidrojeni. Elektroni yake ina spini nusu, protoni yake spini nusu, na kuna nishati kati yao ambayo inaenda kwa A S1·S2, A ni namba isiyobadilika. Kutoka kwenye S² unaipata haraka, S1·S2 = ½(S² − S1² − S2²), tripleti inatoa ħ²/4, singleti inatoa −3ħ²/4, tofauti ni ħ² kamili, kwa hiyo pengo la nishati ni Aħ². Pengo hilo linatoa mawimbi ya redio ya karibu 1420 MHz, urefu wa sentimita 21, na mwaka 1951 Ewen na Purcell huko Marekani waliyakamata yakitoka kwenye galaksi yetu. Redio yako ya FM inaishia 108 MHz kwa hiyo usihangaike kuitafuta.

Dogo nimemwachia swali moja la kwenda nalo, na wewe lichukue: piga S² kwenye |↑↑↓⟩ − |↓↑↑⟩, chembe tatu, tumia P. Inatakiwa itoke ¾ħ² mara hali yenyewe. Ukibaki na |↑↓↑⟩ mkononi mwako, ujue kuna minasi umeiacha kwenye P12 au P23.